Kitufe cha "Mbele" kifungwe lini, na slaidi ijiendeshe au imsubiri mtu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwezeshaji, niko Area D hapa Dodoma. Natengeneza kozi ya mtandaoni kuhusu sumukuvu (sumu inayotolewa na ukungu) kwenye mahindi na karanga, kwa ajili ya maafisa ugani wa kata. Natumia Articulate Storyline, programu ya kutengeneza kozi, na kozi inapandishwa kwenye Moodle, mfumo wa ofisi wa kusomeshea mtandaoni. Ina slaidi 34, karibu zote zina sauti. Mkuu wangu anataka mtu asiweze kubonyeza "Mbele" mpaka sauti iishe. Nikiziacha slaidi zijiendeshe, watu wanasema zinakimbia. Nikikifunga kitufe mpaka sauti iishe, mtu akirudi nyuma kuangalia alichosahau, kitufe hakifunguki tena na kozi inaishia hapo. Kuna wa Mpwapwa na Itigi wanaosema slaidi ya kwanza haitoi sauti kwenye simu. Na mmoja, kila akifungua kozi anaanzia slaidi ya 11, hata kama jana yake alifika ya 20. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na kitufe kinachogoma, maana hicho ndicho kinachowakwamisha watu leo. Agizo la mkuu wako tutalifikia, na nina neno nalo.

Bila shaka kila slaidi umeiwekea triga mbili, yaani amri za "likitokea hili, fanya lile". Ya kwanza inakizima kitufe mara mstari wa muda (unaopanga slaidi icheze sekunde ngapi) unapoanza, ya pili inakirudisha katika hali ya kawaida mstari wa muda unapoisha. Mtu akipita mara ya kwanza hakuna shida. Shida inaanza akirudi. Slaidi yenye vitu vya kubonyeza, Storyline huikumbuka jinsi ilivyoachwa, na yako iliachwa sauti ikiwa imeshaisha. Mtu anapoingia tena, triga ya kwanza inafanya kazi yake kama kawaida: inazima kitufe. Ya pili inangoja mstari wa muda uishe, na mstari wenyewe ulishaisha tangu mara ile. Hakuna kitakachotokea tena pale. Kitufe kinabaki cha kijivu na mtu wako anabaki akikitazama.

Kuna dawa ya haraka ambayo wengi wataikuambia: nenda kwenye mipangilio ya slaidi, pale pa "When revisiting", uchague slaidi ianze upya kila inapofunguliwa. Kitufe kitafunguka, ni kweli, ila mtu aliyerudi kuangalia kiwango kimoja cha unyevu atalazimika kusikiliza dakika mbili zote upya ndipo aruhusiwe kuondoka. Safari ijayo hatarudi kuangalia, atakisia. Mimi dawa hiyo siipendi.

Fanya hivi. Kila slaidi unayotaka ifungwe, itengenezee kibadilika (kumbukumbu ndogo ambayo triga huisoma na kuibadilisha) cha aina ya kweli au si kweli, chenye jina utakalolielewa hata mwakani, kwa mfano s07_imesikika, na kianze kikiwa si kweli. Halafu ile triga ya kuzima ipe sharti: izime kitufe pale tu ambapo s07_imesikika bado si kweli. Mstari wa muda unapoisha, weka triga mbili zinazofuatana, moja inayokigeuza kibadilika kuwa kweli na nyingine inayokiwasha kitufe. Mimi huongeza ya tatu kwa usalama: slaidi inapoanza, kama kibadilika ni kweli, washa kitufe papo hapo. Angalia mpangilio wake kwenye orodha, kwa sababu Storyline huzisoma triga kutoka juu kwenda chini, na triga sahihi ikikaa mahali pasipo pake inaweza kufutwa kazi na iliyo chini yake.

Ukiwa hapo hapo, kizime kitufe lakini usikifiche. Kitufe cha kijivu kinaonekana kipo ila bado hakijawa tayari. Kikifichwa, mtu anadhani ukurasa haujafunguka wote, anaanza kuupakia upya na kula bando lake, kisha anakupigia simu. Chini yake andika maneno machache tu: "Sikiliza hadi mwisho, kitufe kitawaka."

Kisha ziba milango ya uani. Kuna ule upau wa chini unaoonyesha sauti imefika wapi. Ukiuacha uburutwe ovyo, mtu atausukuma mpaka mwisho, mstari wa muda utaisha, kitufe kitawaka, na kazi yako yote ya triga imepita bure. Weka uburutwe baada ya slaidi kukamilika tu. Mlango wa pili ni menyu ya pembeni. Ikiwa katika hali ya "Free", mtu anaruka kutoka slaidi ya 2 hadi ya 30 bila kugusa kitufe chako. Chagua "Restricted", ambayo inamruhusu kurudi popote alipokwisha kupita lakini haimruhusu kuruka mbele. Hali ya tatu ya menyu, "Locked", inamnyima hata kurudi kwa menyu, na sioni sababu ya kumfanyia hivyo mtu mzima anayejisomea.

Sasa agizo la mkuu.

Najua lilikotoka. Anataka siku akiulizwa kama maafisa ugani wamesoma, awe na cha kuonyesha. Ila fikiria kinachotokea kweli. Afisa wa kata anafungua slaidi ya dakika mbili, anaona kitufe kimezimwa, anaiweka simu mezani ijisemee, anakwenda kuagiza chai na chapati. Akirudi kitufe kimewaka, anabonyeza, simu inarudi mezani. Ripoti itaonyesha muda mzuri sana. Kwa slaidi 34 zilizofungwa hivyo, umepata ushahidi kwamba simu ilikuwa imewashwa.

Upande wa pili, kuziacha slaidi zijiendeshe nako ni makosa, na wanaosema zinakimbia wana haki. Mwaka 2001 watafiti Richard Mayer na Paul Chandler walichukua maelezo ya picha na sauti kuhusu jinsi radi inavyotokea, wakayakata vipande 16. Wengine waliyaona mfululizo bila kusimama. Wengine, kila kipande kilipoisha kilisimama kikawangoja wabonyeze ndipo kiendelee. Wale waliobonyeza wenyewe walifanya vizuri zaidi walipopewa maswali mapya ya kutumia walichojifunza. Zingatia kwamba kitufe chao hakikuwa na ujanja wowote, kazi yake ilikuwa kuanzisha kipande kinachofuata tu. Faida ilitokana na ile nafasi ya kupumua kati ya kipande na kipande, na kwamba urefu wa nafasi hiyo aliupanga msomaji mwenyewe.

Kwa hiyo slaidi zote 34 ziweke zisonge kwa kubonyezwa na mtu, na usiache hata moja ijiendeshe. Nyingi kati yake ziache wazi kabisa tangu mwanzo. Zilizobaki, funga chache, na uzifunge kwa kitendo kila inapowezekana. Mtu akifanya jambo fulani, mlango unafunguka. Saa iwe kufuli la slaidi moja au mbili tu.

Zipi za saa? Zile ambazo mtu akizikosa kuna mtu mwingine ataumia. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku huku kwetu, Dodoma na Manyara. Slaidi inayoeleza dalili za mgonjwa na hatua ya kwanza ya kuchukua, hiyo ifunge mpaka sauti iishe na sitakubishia. Slaidi ya historia ya mradi, ya shukrani kwa wafadhili, ya malengo ya kozi, fungua. Unaweza hata kuzifuta, lakini hilo litakuwa kati yako na mkuu.

Kufunga kwa kitendo nikuonyeshe kwa slaidi moja. Weka picha ya gunia la mahindi na kipima unyevu kinachosoma asilimia 16.2. Maneno ni mafupi: mkulima wa Kongwa ameyaleta, anataka ayahifadhi ghalani leo leo, wewe utamwambia nini? Chini yake vitufe vitatu: ayapokee ghalani, akayaanike tena kwenye turubai, ayachanganye na makavu. Kitufe cha "Mbele" kimezimwa. Akichagua la kwanza, leya (tabaka linalotokea juu ya slaidi) inafunguka na kumwambia kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuhifadhi hakizidi asilimia 13.5, na kwamba kwenye unyevu huo wa 16.2 ukungu unaotoa sumukuvu una nafasi ya kuendelea kuota ndani ya gunia. Anafunga leya, anajaribu tena. Akichagua kuanika, leya ya jibu sahihi inakigeuza kibadilika kuwa kweli na kukiwasha kitufe. Huyu huwezi kusema alikuwa anakunywa chai. Na mkuu wako anapata kitu bora kuliko dakika: anapata jibu la mtu, ambalo ukilitengeneza kama swali la alama, Moodle italihifadhi.

Mahali ambapo kuna vitu kadhaa vya kufunguliwa kimoja kimoja, tuseme picha nne za punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizo nzima, tumia hali ya "Visited" ambayo Storyline inayo tayari. Triga moja inatosha: washa kitufe pale vitu vyote vinne vitakapokuwa katika hali hiyo. Usijitengenezee tena triga ya kukigeuza kila kitu kiwe "Visited", maana programu inafanya hivyo yenyewe kikibonyezwa. Ukiongeza ya kwako zinagongana, halafu utatafuta kosa usiku kucha.

Leya nazo zina jambo lake. Mtu anapofungua leya, je, mstari wa muda wa slaidi ya chini unasimama au unaendelea kutembea? Ni kisanduku kimoja cha tiki kwenye mipangilio ya leya. Kama slaidi ya chini ina sauti, uweke usimame, la sivyo sauti mbili zitasemeshana kwa pamoja, au kitufe kitawaka mtu akiwa bado anasoma leya.

Tuje kwenye muda wenyewe. Sauti na mstari wa muda si kitu kimoja. Ukiikata sauti, ikawa fupi, mstari unaweza kubaki na urefu wake wa zamani. Sauti inaisha, kimya kinafuata, kitufe kimezimwa, na mtu anadhani simu imeganda. Pitia kila slaidi uliyoifunga, shika alama ya mwisho ya mstari, uivute mpaka sekunde moja hivi baada ya neno la mwisho. Kama kozi ilianza kwa Kiingereza ukarekodi sauti ya Kiswahili baadaye, lifanye hili kwa makini zaidi. Maelezo yetu mara nyingi huwa marefu kuliko ya awali, na picha zilizopangwa kutokea kwenye sekunde fulani zitatokea kabla msemaji hajazitaja.

Kupanga picha zitokee kwenye neno lake, usikadirie kwa macho. Cheza mstari wa muda, sikiliza, na kila msemaji anapofika pahala pa kitu kipya bonyeza herufi C. Alama inabaki pale. Ukimaliza, rudi uviegemeze vitu vyako kwenye alama hizo. Kitu kikitokea mapema kidogo si neno, kikichelewa ndicho kinachoudhi.

Slaidi isiyo na sauti isiwe na saa hata kidogo. Watu hawasomi kwa kasi moja, na huyo unayemkadiria anasoma kwenye kioo cha simu juani. Kumbuka pia asiyesikia. Ukifunga kitufe mpaka sauti iishe, afisa kiziwi ambaye ameshasoma maandishi yote atangoja kimya cha dakika mbili ambacho kwake hakina maana yoyote. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote, WCAG, umeweka katika ngazi yake ya msingi kwamba kikomo cha muda mtu aweze kukizima, kukirekebisha au kukiongeza, na kwamba sauti inayojianzisha yenyewe kwa zaidi ya sekunde 3 iwe na namna ya kuisimamisha au kuipunguza. Kwa zile slaidi chache za saa, weka maandishi ya sauti yote, na kitufe kidogo cha "Nimesoma maandishi" kinachogeuza kibadilika kile kile na kukiwasha kitufe cha "Mbele". Ni triga mbili tu za ziada.

Sauti isiyotoka kwenye simu si kosa la Mpwapwa wala la Itigi. Vivinjari vya simu havikubali ukurasa uanze kupiga kelele kabla mtu hajaugusa. Chrome ilikaza masharti hayo mwaka 2018 hata kwenye kompyuta, na Safari ya iPhone nayo inabana vivyo hivyo. Slaidi yako ya kwanza inajaribu kuongea kabla ya kuguswa, inazuiwa. Iondoe sauti kwenye slaidi hiyo, weka jina la kozi na kitufe kikubwa cha "Anza". Mguso ule ndio ruhusa. Sauti ianze slaidi ya pili.

Anayerudishwa slaidi ya 11 ana tatizo la mahali pengine kabisa. Umepakia kwa SCORM 1.2, kiwango kinachoiwezesha kozi kuzungumza na Moodle, sivyo? Kiwango hicho kinaipa kozi nafasi ya herufi 4,096 tu za kukumbuka mtu alikofika na alichofanya. Storyline inaandika humo hali ya kila slaidi inayoikumbuka, na kila kibadilika. Waliobonyeza vitu vingi wanaijaza nafasi kabla ya kufika mwisho. Ikijaa, rekodi mpya haikubaliki, na kesho yake Moodle inampa ile ya mwisho iliyokubaliwa. Ndiyo slaidi ya 11.

Mtandaoni utaambiwa uhamie SCORM 2004, ambayo kuanzia toleo la 3 ina nafasi ya herufi 64,000. Kwa mfumo mwingine ningekubali. Moodle haiungi mkono SCORM 2004 kikamilifu, kwa hiyo baki na 1.2 na ufanye mambo mawili. Mwombe msimamizi wa Moodle aangalie mipangilio ya SCORM, kuna sehemu ya kufuata kiwango kwa ukali. Ikizimwa, Moodle hukubali kuhifadhi zaidi ya hizo herufi 4,096. Na wewe upande wako, slaidi za kusoma tu ziambie zianze upya kila zinapofunguliwa, zisihifadhi chochote. Hapa ile dawa niliyoikataa mwanzo inafaa, kwa sababu slaidi hizo hazina kufuli. Kama bado inajaa, ikate kozi vipande vitatu: shambani, kuvuna na kukausha, kuhifadhi. Hata kwa bando ni nafuu.

Kabla ya kuitoa tena, usiijaribu kwenye intaneti ya ofisini pale Mtumba ukaridhika. Chukua simu ya kawaida ya Android, tumia data, ingia kama mwanafunzi na si kama mwalimu wa Moodle. Fika slaidi iliyofungwa, zima data katikati ya sauti, iwashe tena. Rudi nyuma mbili, njoo mbele. Funga kivinjari bila kuaga, kwa sababu ndivyo watakavyofanya umeme au chaji ikiisha, kisha ingia upya uone umerudishwa wapi.

Limebaki la slaidi ya mwisho. Kukamilika kwa kozi kufuate alama za maswali, usikufungamanishe na kuona slaidi zote 34, la sivyo aliyeishia kabla ya slaidi moja ya shukrani atabaki "hajamaliza" mpaka Krismasi. Weka kitufe cha "Maliza" chenye triga ya kutoka kwenye kozi. Vivinjari vingi vitakataa kufunga ukurasa ambao kozi yenyewe haikuufungua, na mtu atabonyeza mara tano akidhani kimekufa. Andika juu ya kitufe hicho: "Bonyeza Maliza, subiri kidogo, halafu funga ukurasa huu mwenyewe."